Tovuti inayomchelewesha mgeni wa kwanza: namna ya kupanga kuwashwa upya kwa michakato ya IIS

Mwanzisha uzi

Ndugu zangu, salamu. Nimeamua kuandika kwa kirefu kwa sababu swali hili nimeulizwa mara nyingi na watu wanaosimamia tovuti kwa IIS, programu ya Windows Server inayohudumia tovuti, na mimi mwenyewe lilinisumbua kwa majuma mawili kabla sijalielewa. Swali huja hivi: tovuti ni nyepesi siku nzima na kila ukurasa unafunguka chini ya sekunde moja, lakini mtu wa kwanza kuingia asubuhi, au baada ya watu kurudi kutoka mapumzikoni, hungoja sekunde ishirini au thelathini mbele ya ukurasa mweupe. Akiufungua mara ya pili, hali ni shwari. Fundi anayeitwa kuchunguza hukuta kila kitu kinakwenda vizuri, anaondoka, na kesho yake malalamiko ni yale yale.

Mimi nilianza kwa kuishuku hifadhidata. Niliongeza faharasa, nikapitia hoja moja baada ya nyingine, nikaomba seva iongezewe kumbukumbu ya RAM, wala hakuna kilichobadilika, kwa kuwa tatizo halikuwa huko. Mchakato unaoendesha tovuti ulikuwa ukizimwa kila watu walipotulia, na mgeni wa kwanza ndiye aliyelazimika kusubiri uwashwe tena.

Tuanze na jinsi kazi inavyokwenda. Tangu IIS 6.0, iliyokuja na Windows Server 2003, tovuti huwekwa katika makundi ambayo mipangilio huyaita Application Pool, na kila kundi huhudumiwa na mchakato wake, ule unaoonekana kwa jina la w3wp.exe katika orodha ya michakato. Ombi la mgeni halifiki moja kwa moja kwenye mchakato huo. Hupokelewa kwanza na HTTP.sys, kiendeshi kilicho ndani ya kiini cha Windows, nacho huliweka kwenye foleni ya kundi husika, foleni ambayo kwa kawaida hupokea hadi maombi 1,000. Ikiwa mchakato upo, hulichukua ombi na kulijibu. Ikiwa haupo, huduma ya Windows iitwayo WAS, inayosimamia michakato hii, huuwasha, na hapo ndipo muda unapopotea: mazingira ya .NET, ambamo programu ya tovuti huendeshwa, yanapakiwa, maktaba zote za programu zinasomwa kutoka diski, msimbo unatafsiriwa kuwa lugha ya mashine, miunganisho ya hifadhidata inafunguliwa, na kache, yaani akiba ya data inayotumika mara kwa mara, iliyokuwa imejaa jana inaanza kujazwa upya kutoka sifuri. Ombi halipotei, kwa maana foleni iko nje ya mchakato, ila mwenye ombi anangoja.

Kwa hiyo, kabla ya kugusa mpangilio wowote, nakuomba ujue kwanza mchakato wako unakufa kwa sababu gani. Nalisisitiza hili kwa sababu watu wengi huanza kwa kubadilisha tarakimu walizozisoma mahali, kisha hawajui ni ipi iliyosaidia na ipi iliyoharibu. Fungua Event Viewer, programu ya Windows inayoonyesha matukio ya mashine, ingia kwenye daftari la System, na uchuje matukio ya chanzo kinachoitwa WAS. Tukio 5186 linakuambia kwamba mchakato umezimwa kwa kukaa bila kazi. Tukio 5074 ni la mchakato uliofikisha muda wake wa kuishi, 5075 ni la uliofikisha idadi ya maombi uliyoruhusiwa, na 5076 ni la saa iliyopangwa. Kumbukumbu ikizidi kikomo utaona 5077 au 5117, kutegemea ni kikomo kipi. Msimamizi akiuwasha upya kwa mkono ni 5079, na mabadiliko ya mipangilio ni 5080. Katika mipangilio ya kundi kuna sehemu inayochagua ni aina zipi za kuwasha upya zinazoandikwa kwenye daftari. Hakikisha zote zimewekwa True, la sivyo unaweza kudhani hakuna kilichotokea wakati mchakato umewashwa upya mara nne.

Baada ya hapo linganisha na kumbukumbu za maombi za IIS zenyewe, yaani faili zinazoandika kila ombi, safu ya time-taken, ambayo hupimwa kwa milisekunde. Utaona kitu kama hiki: maombi mia kadhaa ya milisekunde 80 au 120, kimya cha dakika arobaini, halafu ombi moja la milisekunde 24,000, kisha maombi ya kawaida tena. Angalieni jambo moja lililonipotezea siku nzima: kumbukumbu za W3C za IIS huandikwa kwa saa za UTC, saa ya dunia isiyofuata majira ya mahali, ilhali Event Viewer hukuonyesha saa za mashine yenyewe. Usipofanya hesabu ya tofauti hiyo utasema matukio hayahusiani, na kumbe yanafuatana kwa sekunde mbili.

Nije kwenye muda wa kukaa bila kazi, ambao kwa tovuti ndogo na za kati ndio chanzo kikuu. Kwa kawaida umewekwa dakika 20. Mpangilio huu una maana kwenye seva inayobeba mamia ya tovuti za watu mbalimbali, ambapo tovuti isiyotembelewa haifai kushikilia kumbukumbu inayohitajiwa na nyingine. Lakini kwa seva inayobeba tovuti moja au tatu, dakika 20 hazikuokolei chochote cha maana, nazo zinawaudhi watu wako kila siku. Weka sifuri, na mchakato hautazimwa tena kwa sababu ya kimya. Kama kumbukumbu ni finyu kweli, tangu IIS 8.5 ya Windows Server 2012 R2 kuna njia ya kati: badala ya Terminate unachagua Suspend, na mchakato husitishwa huku kumbukumbu yake ikihamishiwa diski. Mgeni anapofika huamshwa, na kuamka ni kwepesi kuliko kuzaliwa upya.

Mpangilio wa pili ni muda wa kuishi. Ukifungua kundi jipya utakuta dakika 1,740, yaani saa 29, na wengi hujiuliza kwa nini isiwe saa 24. Sababu ni kwamba 29 ni namba tasa, na ndiyo ya kwanza inayozidi 24, hivyo kuwashwa upya hakuangukii saa ile ile kila siku. Tuseme mchakato umewashwa upya leo saa kumi alfajiri. Kesho itakuwa saa tatu asubuhi, kesho kutwa saa nane mchana, na siku inayofuata saa moja jioni. Itazunguka hivyo kwa siku 29 kabla haijarudi saa kumi alfajiri. Aliyechagua namba hiyo alikuwa na nia njema, kwani hakujua saa zenye kazi nyingi kwako ni zipi, akaona ni heri usumbufu usambae kuliko kuangukia saa moja tu. Wewe, hata hivyo, unazijua saa zako. Kwa maoni yangu hakuna sababu ya mtu anayeijua tovuti yake kuacha mchakato ukawashwe upya saa tatu asubuhi ya siku yenye wageni wengi kuliko zote.

Weka muda huo sifuri, halafu panga saa maalumu wakati wageni ni wachache. Hapa tuwe waangalifu sisi tunaohesabu saa kwa Kiswahili: mpangilio unaosomeka 03:00:00 ni saa tisa usiku, wala si saa tatu, na 09:00:00 ndiyo saa tatu asubuhi. Nimekwisha kukuta seva iliyokuwa ikiwashwa upya katikati ya kazi kwa kosa hilo tu. Tena saa hizo ni za mashine, kwa hiyo kama seva imewekwa UTC, hesabu kutoka huko. Ikiwa una seva kadhaa nyuma ya kigawa mzigo, usizipe zote saa moja. Ipe ya kwanza 03:00, ya pili 03:20, ya tatu 03:40, ili daima ziwepo nyingine zenye joto, yaani zilizokwisha kupakia programu.

Amri zenyewe, za chombo cha IIS kiitwacho appcmd, ukiziendesha ukiwa msimamizi ndani ya folda ya inetsrv, ni hizi. Badilisha majina yawe ya kwako:

`appcmd set apppool "KundiLangu" /processModel.idleTimeout:00:00:00`

`appcmd set apppool "KundiLangu" /recycling.periodicRestart.time:00:00:00`

`appcmd set apppool "KundiLangu" /+recycling.periodicRestart.schedule.[value='03:00:00']`

`appcmd set apppool "KundiLangu" /startMode:AlwaysRunning`

`appcmd set app "TovutiYangu/" /preloadEnabled:true`

Tafadhali msiziendeshe mchana. Kubadilisha mipangilio ya kundi huweza kuuwasha upya mchakato, nanyi mtakuwa mmewapa wageni usumbufu ule ule mnaojaribu kuuondoa.

Amri mbili za mwisho zinastahili maelezo, kwa kuwa ndizo zinazoamua kama mgeni ataona tofauti. AlwaysRunning huifanya WAS iwashe mchakato bila kusubiri ombi la kwanza. Lakini mchakato uliowashwa bado ni mtupu. Programu yako haijapakiwa ndani yake. preloadEnabled ndiyo inayotuma ombi la bandia kwenye mzizi wa programu ili ipakiwe, nayo inategemea kipengele cha Application Initialization, ambacho kimo ndani ya IIS kuanzia toleo la 8.0 ila lazima ukisakinishe. Kwenye web.config, faili la mipangilio ya programu, unaweza kuongeza kurasa nyingine za kupashwa moto. Chagua kurasa zinazogusa hifadhidata na kujaza kache, kwa sababu ukurasa wa mbele mara nyingi hauna kazi kubwa, na kuupasha huo peke yake ni sawa na kuwasha jiko bila kuinjika chungu.

Sasa uzuri wake. Wakati wa kuwasha upya, IIS kwa kawaida haiui mchakato wa zamani kwanza. Huwasha mpya pembeni, na wa zamani huendelea kuhudumia hadi mpya uwe tayari, kisha wanapokezana. Mchakato wa zamani hupewa sekunde 90 kumaliza maombi uliyoyashika, na ukishindwa huuawa na tukio 5013 huandikwa. Ukiwa umeweka upashaji moto, makabidhiano husubiri hadi upashaji uishe, na mgeni hajui kama kuna kilichotokea. Mpangilio wa disallowOverlappingRotation ukiwekwa True, kupokezana huko hakupo: wa zamani hufa kwanza. Upo kwa ajili ya programu zisizovumilia nakala mbili zikienda pamoja, kwa mfano zinazofunga faili moja kwa matumizi ya pekee. Kama yako si ya namna hiyo, uache False.

Tahadhari moja kuhusu upashaji moto. Ombi la bandia hutumwa kwa HTTP ya kawaida, si HTTPS. Ikiwa una kanuni inayomwelekeza kila mtu kwenye HTTPS, ombi hilo litajibiwa kwa kuelekezwa kwingine, IIS itaridhika kwamba limejibiwa, na programu yako haitakuwa imepata joto lolote. Kwenye kanuni ya URL Rewrite, kipengele cha IIS kinachobadilisha au kuelekeza anwani za maombi, ongeza sharti linaloyaacha maombi yenye kigezo cha WARMUP_REQUEST kuwa 1. Nililigundua hili baada ya kusifu kazi yangu kwa siku tatu.

Nakaribisha maswali na masahihisho.

Mchangiaji wa kwanza

Ndugu mwanzisha uzi, asante kwa maelezo haya. Kwangu tatizo si kuchelewa tu. Watumiaji wanatolewa nje ya mfumo wakiwa katikati ya kujaza fomu ndefu, na fomu zenyewe zina kurasa sita, kwa hiyo mtu akitolewa kwenye ukurasa wa tano anakasirika, nami simlaumu. Je, kuhamishia kuwasha upya saa tisa usiku kutanitosha?

Mwanzisha uzi

Ndugu yangu, kutapunguza, lakini hakutatosha, kwa sababu mchakato unaweza kufa kwa sababu nyingine usizozipanga. Kiini cha tatizo lako ni mahali sesheni, yaani taarifa za kila mtumiaji aliyeingia, zinapohifadhiwa. Katika ASP.NET ya zamani, mfumo wa Microsoft wa kuandikia tovuti, hali ya kawaida ni InProc, yaani sesheni zinakaa ndani ya kumbukumbu ya mchakato ule ule, na mchakato ukifa zinakwenda nao. Hata kupokezana niliyoeleza hapo juu hakuziokoi, kwa kuwa mchakato mpya hauirithi kumbukumbu ya wa zamani.

Zihamishe. Njia nyepesi ni StateServer, huduma inayokuja na Windows na kusikiliza kwenye mlango wa 42424. Iliyo imara zaidi ni SQLServer, ambapo sesheni zinakaa kwenye hifadhidata na kudumu hata mashine ya tovuti ikizimwa. Njia zote mbili zinadai kila kitu unachoweka kwenye sesheni kiweze kugeuzwa kuwa mfuatano wa data na kurudishwa, kwa hiyo pitia msimbo kwanza. Vitu kama muunganisho wa hifadhidata havistahili kukaa humo kamwe.

Na kama programu yako ni ya ASP.NET Core, tazama pia funguo za Data Protection, zile zinazofunga vidakuzi vya kuingilia. Kundi likiwa halipakii wasifu wa mtumiaji wake, na hujazipangia funguo mahali pengine, huwa kwenye kumbukumbu tu. Mchakato ukiwashwa upya funguo mpya huundwa, vidakuzi vya zamani havifunguki tena, na kila mtu anatolewa nje kwa mpigo mmoja. Zihifadhi kwenye folda ya kudumu, au weka Load User Profile kuwa True.

Mchangiaji wa pili

Nimesoma kwa makini na nakubaliana na mengi, isipokuwa sehemu moja. Kwa nini tuwashe upya hata kidogo? Programu iliyoandikwa vizuri haihitaji kuuawa kila usiku. Kuwasha upya kwa ratiba kunaficha uvujaji wa kumbukumbu, mwandishi wa programu hapati habari ya kosa lake, na miaka inapita. Mimi nimezima kila kitu kwenye seva zangu: muda wa kuishi sifuri, ratiba hakuna, kikomo cha kumbukumbu hakuna. Mchakato mmoja una siku zaidi ya sitini ukiwa hai, wala hauna shida.

Mwanzisha uzi

Ndugu, hoja yako ni nzito, nami naikubali kwa sehemu kubwa. Kama umepima na kuona kumbukumbu inatulia mahali pamoja kwa majuma kadhaa, huna deni la kuuwasha upya. Ninachokataa ni kuziagiza hatua zako kwa kila msomaji, kwa kuwa wengi wetu tunaendesha programu tulizokabidhiwa, ambazo msimbo wake hatuna, na aliyeziandika hapatikani. Kwa hao ratiba ya usiku ni kinga halali, mradi wasiache kupima.

Mahali ninapotofautiana nawe kabisa ni kwenye kuacha kikomo cha kumbukumbu wazi. Programu ikianza kuvuja ghafla kwa sababu ya toleo jipya, mashine itaanza kuhamisha kumbukumbu diski, na itakwama pamoja na tovuti nyingine zote zilizomo. Kikomo ni mlango wa dharura. Lakini kiwekwe kwa akili, na hapa naona makosa mawili yakirudiwa sana.

La kwanza ni kutumia kikomo cha kumbukumbu pepe badala ya kumbukumbu binafsi. Mchakato wa biti 64 hujitengea anwani pepe nyingi mno ambazo haitumii kweli, na tarakimu hiyo haikuambii chochote kuhusu hali ya mashine. Acha cha pepe kiwe sifuri, na uweke cha privateMemory. La pili ni kipimo: tarakimu huandikwa kwa kilobaiti. Aliyekusudia gigabaiti mbili akaandika 2000 amepanga kikomo cha megabaiti mbili hivi, ambazo hazitoshi hata kuwasha mazingira ya .NET, na mchakato wake utakuwa ukiwashwa upya mfululizo bila kukoma.

Namna ninayoifanya ni hii. Naacha programu ifanye kazi kwa siku kadhaa zenye wageni wa kutosha, naandika kumbukumbu binafsi ya mchakato kila baada ya saa moja, natazama inatulia wapi. Ikitulia kwenye megabaiti 900, naweka kikomo karibu na 2,000,000. Kikomo kilicho karibu mno na kiwango cha kawaida ni adui kuliko kutokuwa nacho, kwa maana kitagonga hasa saa zenye wageni wengi, saa ambazo kache imejaa na kila mtu yupo. Na tukio 5117 likionekana, lichukuliwe kama kengele ya kumwita mwandishi wa programu, jambo linalotimiza shauri lako la kutoficha makosa.

Nyongeza moja: ukitaka kuwasha upya mara moja kwa juma badala ya kila usiku, ratiba ya IIS haina siku, ina saa tu, nayo hurudia kila siku. Tumia Task Scheduler ya Windows iendeshe amri ya `appcmd recycle apppool` siku uitakayo.

Mchangiaji wa tatu

Nami ninatumia seva ya kukodi ambayo watu wengi tunaishiriki. Sina ruhusa ya kufungua mipangilio ya kundi. Nifanyeje?

Mwanzisha uzi

Ndugu, hapo umebakiwa na njia moja ya nje: huduma ya kuchunguza uhai wa tovuti iwe inafungua ukurasa wako kila dakika tano au kumi, hivyo dakika 20 za kimya hazifiki kamwe. Ielekeze kwenye ukurasa unaogusa hifadhidata, si kwenye picha wala faili tuli, kwa sababu faili tuli haihitaji programu yako kupakiwa. Haitakukinga dhidi ya kuwashwa upya kwa sababu nyingine, lakini malalamiko mengi yatakwisha. Soma pia masharti ya mwenye seva, kwani wengine hawaruhusu.

Mchangiaji wa nne

Naomba niongeze upande wa Linux, kwa sababu wazo ni lile lile ingawa majina ni tofauti, na wapo watakaoufikia uzi huu wakitafuta mambo ya PHP au Python.

Katika Apache 2.4, programu ya kuhudumia tovuti, kuna MaxConnectionsPerChild, na katika PHP-FPM, inayoendesha msimbo wa PHP, kuna pm.max_requests, zote mbili huja zikiwa sifuri, yaani mtoto wa mchakato hafi wala hauawi kwa sababu ya idadi ya kazi alizofanya. PHP-FPM ikiwekwa katika hali ya ondemand, watoto huzimwa wakikaa bila kazi kwa sekunde 10, usipobadilisha. Ukilinganisha na dakika 20 za IIS utashtuka, lakini gharama yake ni ndogo kuliko unavyodhani, kwa sababu msimbo uliokwisha kutafsiriwa unakaa kwenye OPcache, ambayo ni kumbukumbu inayoshirikiwa na watoto wote na inabaki hata mmoja akifa. Kinachopotea ni miunganisho ya kudumu na vitu vya mtoto huyo peke yake.

Python si hivyo. Gunicorn, programu inayoendesha tovuti za Python, ikiwa na max_requests, kila mfanyakazi anayezaliwa hupakia programu yote upya, isipokuwa kama umetumia preload_app ambayo huipakia kwa mzazi kabla ya watoto kuzaliwa. Na hapa ndipo nilipofurahia maelezo ya saa 29. Ukiweka max_requests 1,000 na mzigo unagawanywa sawasawa, wafanyakazi wako wote watafikisha elfu moja karibu kwa wakati mmoja, watakufa pamoja, na tovuti itasimama kwa muda. Ndiyo maana kuna max_requests_jitter: ukiipa 100, kila mfanyakazi huongezewa idadi ya kubahatisha kati ya sifuri na mia, na vifo vyao vinatawanyika.

Mwanzisha uzi

Asante sana, ndugu. Habari ya OPcache inaeleza kwa nini wenzetu wa PHP hawalalamiki kama sisi.

Mchangiaji wa kwanza

Nimerudi na mrejesho. Nimefanya kila kitu kama ilivyoelezwa: muda wa kukaa bila kazi ni sifuri, ratiba ni 03:00, upashaji moto unafanya kazi na kanuni ya HTTPS nimeirekebisha. Asubuhi tovuti inafunguka mara moja, na watu wamelitambua hilo. Lakini sesheni bado zinapotea mchana, karibu kila baada ya saa moja, na kwenye daftari la System hakuna tukio lolote la WAS. Namba ya utambulisho wa mchakato haibadiliki, ni ile ile tangu usiku. StateServer bado sijaihamia kwa sababu kuna vitu ndani ya sesheni vinavyohitaji kuandikwa upya.

Mwanzisha uzi

Ndugu yangu, umefanya jema kutazama namba ya mchakato, maana imetupa jibu. Mchakato haufi, kinachokufa ni programu ndani ya mchakato. ASP.NET ya zamani huiweka kila programu kwenye eneo lake, na eneo hilo linaweza kubomolewa na kujengwa upya bila mchakato kuguswa. WAS haihusiki, kwa hiyo haiandiki kitu, na upashaji moto wenye makabidhiano hauna nafasi hapo. Sesheni za InProc zinafutika vile vile.

Sababu zake ni chache. Kuhariri web.config ni mojawapo, na kubadilisha faili ndani ya folda ya bin ni nyingine. Kurasa zikikusanywa upya mara nyingi, kikomo kikiwa 15 kwa kawaida, programu huanza upya. Na ipo moja inayowashangaza wengi: kufuta folda ndogo iliyo ndani ya mzizi wa tovuti. ASP.NET hulitazama tendo hilo kama badiliko la programu yenyewe.

Kwenye Application_End, sehemu ya msimbo inayoendeshwa programu inapozimwa, ongeza mstari unaoandika thamani ya HostingEnvironment.ShutdownReason kwenye faili lililo nje ya tovuti, ili ujue ni ipi. Halafu niambie: je, kuna kitu katika programu yako kinachofanya usafi kila saa?

Mchangiaji wa kwanza

Kipo. Fomu zetu zinapokea viambatisho, na kila mtumiaji hutengenezewa folda yake ya muda ndani ya folda ya upload iliyo kwenye mzizi wa tovuti. Kazi ya usafi hupita kila baada ya saa moja na kufuta folda zilizokwisha kutumika. Nimeandika mstari ulioniambia, na dakika za kuanza upya zinalingana na dakika za usafi.

Nimehamisha folda ya upload kwenda diski nyingine, nje ya mzizi, na kubadilisha njia yake kwenye mipangilio usiku wa kuamkia leo. Usafi umekwisha kupita mara saba tangu asubuhi, Application_End haijaandika kitu, na hakuna aliyetolewa kwenye fomu. Kazi ya kuhamia StateServer naianza juma lijalo.